Salamu kwa Mwizi wa Kibanda cha Kumi na Nne

Saa moja asubuhi, baridi ya Huancayo, mji wa milimani nchini Peru, bado inauma vidole. Casimira Quilca, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, yuko karakanani mwake akitarizi sketi ya sherehe huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao mtandao unasema si wake.

"Nimeutunga mwenyewe, mume wangu alipokwenda mgodini asirudi," anasema. "Leo nikiuweka mtandaoni unafutwa. Naambiwa nimeiba. Mimi!"

Sketi humpa soli themanini, fedha za Peru, kwa wiki. Kinachomsomesha binti yake ni kuimba kwenye sikukuu za watakatifu vijijini, na vijiji vilimjua kupitia Zenobio Pariona, muuza diski za muziki zilizonakiliwa bila ruhusa wa kibanda cha kumi na nne sokoni.

Hapa kwetu waimbaji hawamkimbii mwizi wa aina hiyo. Mwaka 2009 Casimira alimpelekea Zenobio rekodi ya wimbo huu kwa mkono wake mwenyewe. Mchawi mpe mwana kulea. Zenobio alinakili maelfu, diski zikapanda mabasi hadi milimani, mialiko ikaja.

Kwa shukrani ya mapema, Casimira alikuwa amemtaja katikati ya rekodi hiyo, kama waimbaji wetu wanavyowataja wafadhili: "Salamu kwa Zenobio, kibanda cha kumi na nne!"

Mwaka jana kampuni moja ya Lima iliupakia wimbo huo, kwa sauti yake ile ile, ikauandikisha kwa jina la mwimbaji mwingine. Walikata pale Casimira anapojitaja. Salamu ya Zenobio wakaiacha. Labda walidhani ni maneno ya wimbo. Nilipoisikia nilicheka, kisha nikakasirika.

Casimira ameishtaki kampuni hiyo huko Lima, lakini salamu peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Anatakiwa shahidi wa kiapo, aseme rekodi ile aliipata lini na kutoka kwa nani. Shahidi huyo atalazimika pia kueleza aliifanyia nini.

Wiki tatu Zenobio alimkwepa. Leo ameingia karakana hii amevaa kofia mpya, mkononi ana diski iliyochubuka.

"Dada Casi, wakinifunga je?"

"Nitakuletea viazi gerezani."

"Vyenye mchuzi wa jibini?"

"Tazama, mwizi naye ana masharti!"

Wanacheka. Kisha Zenobio anaigeuza diski. Juu yake, kwa mwandiko wake wa kalamu nyeusi, kuna tarehe na jina: Casimira Quilca.

"Nimekuibia miaka kumi na tano, dada," anasema. "Jina lako sijawahi kulifuta."

Casimira anainamia sketi yake, uzi unakataa kuingia kwenye sindano.

Jumatatu watapanda basi kwenda Lima. Wakishinda, Casimira anataka kuurekodi upya wimbo huo kabla ya sikukuu ya Julai. Namuuliza kama ile salamu itabaki.

"Itabaki," anasema. "Ila safari hii nitataja na jina la baba yake, wasije wakasema ni Zenobio mwingine."