Vifungo vya Fundi Cherehani

Jirani yangu, fundi cherehani, alicheza karata kama apimaye pindo: aliinua ncha za karata zake mbili kwa kidole gumba, akazilaza, akakohoa, kisha akazitupa. Walicheza wawili tu, yeye na muuza nyama, kwa vifungo vya mashati: kila mmoja aliweka kimoja kabla ya karata kugawiwa, na aliyetupa zake alikipoteza. Atakayeishiwa vifungo angetoa chombo chake cha kazi: fundi angetoa cherehani chake, mwenzake mizani yake. Muuza nyama alipandisha dau kila mara, kabla karata za mezani, za wote wawili, hazijafunuliwa, mara nyingi bila hata kutazama zake.

“Unaogopa nini, fundi? Mimi siumi!”

“Nasubiri karata nzuri, ndugu yangu.”

Alisubiri hivyo jioni nzima, na lundo lake likapungua hata likaenea kiganjani. Ndipo, nikiwa nimeketi nyuma yake, nikamwona akiinua ree mbili. Katika mchezo ule hakuna mwanzo bora kuliko huo. Muuza nyama akasukuma mbele vifungo vyake vyote. Kidole gumba kikatulia. Fundi akakohoa, akazitupa.

“Ulikuwa na nini?” akauliza muuza nyama.

“Mbovu tu.”

Kifungo chake cha mwisho kilipoondoka, fundi alikitia cherehani mafuta, akafuta mikono, akamwonyesha muuza nyama namna ya kukibeba bila kuvunja sindano.