Gunia la Hakham Azarya

Hakham Azarya Dweck, mwalimu wa dini ya Kiyahudi, alikuwa ameandika kitabu kimoja kwa miaka thelathini na mmoja, na bado hakijaisha. Kitabu chenyewe kilihusu dhambi moja tu: kumtia mtu aibu mbele za watu. Kila asubuhi aliwafundisha sheria na maadili ya dini wauza mboga wa soko la Mahane Yehuda, wazee wanane waliopokezana kusinzia, kisha akabaki peke yake ndani ya sinagogi ya Wayahudi waliotoka Halabi, kule Syria, akiandika kwa mkono. Nyumbani hapakuwa na nafasi. Mkewe Latife alikwisha mwambia achague, karatasi au kitanda. Basi karatasi ziliishi ndani ya gunia la unga, chini ya benchi la nyuma la sinagogi.

Nakala nyingine hakuwa nayo. Ukaidi tu. Aliambiwa apige chapa, akasema mashine haina haya. Sasa presha ya macho ilikuwa imekwisha kula jicho la kushoto, na daktari alimwambia la kulia nalo lingezima kabla ya mwaka kwisha. Ilibaki sura moja.

Wiki ya kabla ya Pasaka Jerusalem nzima hupinduliwa kusaka makombo ya mkate wenye chachu, ulio haramu sikukuu hiyo. Wiki hiyohiyo hukusanywa karatasi zilizochakaa zenye jina la Mungu, maana hazichomwi wala hazitupwi: huzikwa makaburini kama watu. Shabtai, mtunza sinagogi, alipakia magunia kumi na manne ya karatasi hizo mkokotenini. Azarya alipokuja kuinama chini ya benchi lake, mkono ukagusa sakafu iliyodekiwa.

Alikimbia mpaka makaburini, na miaka yake sabini na sita.

"Lako ni lipi, mzee?" mchimba kaburi akamuuliza. "Humo shimoni mna magunia ya mji mzima. Na zege tumemwaga jana."

"Nitachimba mwenyewe."

"Utachimba kwa meno? Nenda nyumbani, baba."

Azarya akakaa juu ya zege lile, akalia kwa sauti kama mfiwa, bila kujali nani anamwona.

Latife alimngoja mlangoni. "Ni Shabtai! Nilimwona kwa macho yangu analiburuta gunia, sikujua ni lako. Mtaje!"

"Watamfukuza. Kamati ya sinagogi inamtafutia sababu tangu avunje taa yao."

"Na afukuzwe! Umri wako wote, Azarya. Na wangu umo humohumo."

Azarya akaketi mezani. Alimchukia Shabtai kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Alimwombea mabaya huku akinywa supu.

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, mwenyekiti wa kamati, Bwana Harari, mtu mwenye sauti ya mnadani, akapiga meza. "Kazi ya Hakham wetu imezikwa! Nani kafanya uzembe huu? Asimame tumwone!"

Shabtai alikuwa mlangoni na ufagio wake, amekauka. Jina lake lilikwisha fika mdomoni mwa Azarya, na lilikuwa tamu. Akajaribu kukumbuka sura ya kumi na mbili, aliyoiandika upya mara saba kwa ajili ya saa kama hii. Halikuja hata neno moja. Aliuona tu, kwa lile jicho lililobaki, uso wa mtu mlangoni ukiishiwa damu.

"Ni mimi," akasema. "Gunia nililiweka mwenyewe kwenye rundo la kuzikwa. Macho haya."

Kisha muuza mboga mmoja akashindwa kujizuia. "Hakham kajizikia kitabu chake!" Kicheko kikapita benchi hadi benchi, na Azarya akasimama pale mpaka kikaisha.

Nje Shabtai akaudaka mkono wa Azarya, akaubusu. "Ee Hakham, siku tatu sili, nikidhani ni mimi! Kumbe ni wewe mwenyewe! Uzee huo, baba. Ungeniita nikusaidie."

Azarya akatabasamu. Alitamani kumpiga.

Nyumbani Latife alimtazama mara moja tu, akajua kwamba hakumtaja Shabtai. Hakumgombeza. Alifuta meza, akatandika karatasi, akashika kalamu.

"Haya. Wewe sema, mimi naandika. Mstari wa kwanza?"

Azarya akafumbua kinywa. Latife akangoja, kalamu juu ya karatasi, mpaka chai ikapoa.

"Siukumbuki," akasema.