Muuzaji Aonje Kwanza

Juzi, kwenye duka la simu hapa Sakina, muuzaji alikuwa anamsifia mama mmoja wa Kichaga programu ya kuangalia TV kwa intaneti: chaneli zote, mechi zote, bei ya kutupa, na haikwami hata kidogo.

“Kwetu anayekukaribisha pombe ya mbege huonja kwanza yeye, na wewe unaona,” mama akasema, akinyoosha kidole kwenye TV ya ukutani iliyoonyesha mpira. “Ile pale ndiyo hiyo programu yako?”

Muuzaji akajikuna kisogo. “Hapana, mama. Ile ni ya king'amuzi. Leo timu yangu inacheza.”

Mama akafunga zipu ya pochi, akaaga.

Wataalamu wanatuambia tukague leseni na anwani ya kampuni kabla ya kulipia programu kama hizi. Kagueni. Mimi nitamuuliza muuzaji timu yake ikicheza anaiangalia wapi.