Ndoa za Alhamisi

Katekista wa kigango chetu hapa Bariadi hutafsiri filamu kila Alhamisi jioni kwenye banda la video nyuma ya soko. Anayoirudia zaidi ni ile ya vita, ya askari na binti wa dini nyingine wanaopendana huku mji unaungua. Lugha yao hajui hata neno moja. Anashika maiki kwa mkono wa kulia, wa kushoto anaufunika mdomo kama anayetaka kukohoa, na askari wa Ulaya anamsalimia baba wa binti kwa Kisukuma, "Mwadila baba." Baba anajibu kwa sauti nzito, "Ng'ombe thelathini." Mabomu yakizidi, mahari inapanda. Padre kwenye skrini anatikisa kichwa kukataa, katekista anatafsiri, "Nimekubali, wanangu, Mungu ni mmoja," na akina mama wauza dagaa wanajifuta machozi kwa kanga.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Felisita, muumini wa kigango chetu, alimfuata pamoja na Bujiku, mchumba wake Msabato, kuomba ndoa yao itangazwe. Katekista alilifunga daftari la matangazo, akaufunika mdomo kwa mkono uleule wa kushoto.

"Haiwezekani."

"Lakini Mwalimu," Felisita alisema, "wale wa Alhamisi uliwafungisha, na padre wao alikuwa anakataa."

Katekista alikohoa kidogo, kisha akaitoa ile sauti nzito ya baba wa binti.

"Wale wako vitani, mwanangu. Sisi hapa tuna amani."