Fundi Aliyefungua Injini Yangu Kosele

Mnaosoma hii mtasema mzee ameanza kuota akiwa macho. Semeni. Mimi nilikuwa hapo, mchana, jua likiwa utosini, na lori yenyewe bado iko Kosele. Asiyeamini aende aiguse.

Lori yangu ni ya dizeli, ya zamani. Inabeba tumbaku kutoka Kehancha, na mahindi wakati wa mahindi. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini hiyo lori imesomesha watoto wangu wote. Mwaka jana injini ikachoka. Ikawa inakunywa oili kama mlevi, inatoa moshi hata watu wa boda boda wanaziba pua. Mwanangu Otieno, ndiye dereva, akaniambia, "Baba, hii si ya kubahatisha tena. Ifunguliwe yote." Msimu wa tumbaku ulikuwa umebakiza wiki chache tu kuanza. Tukiukosa, hatuna shamba wala ng'ombe wa kuegemea.

Sasa kuchagua fundi wa injini, niamini, ni kama kuchagua daktari wa kumpasua mke wako. Wote wanasema wanajua. Nikaenda kwa Abdalla, anauza spea hapo Migori mjini, mtu wa pwani lakini amekaa kwetu mpaka anatutania kwa Kijaluo. Akaniambia, "Mzee, mdomo haukazi bolti. Tazama fundi anavyoweka vyuma chini. Akivitupa kama mahindi ya kuku, ondoka." Neno zuri hilo, na sijamlaumu mpaka leo.

Tukasikia kuna fundi Kosele. Tulipofika, Otieno akaenda kumtafuta sokoni, mimi nikabaki na lori. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda cha mabati, na mtu ameketi. Mbele yake, juu ya gunia, pistoni, ringi na beringi zimepangwa kila moja mahali pake, kama vyombo siku mama mkwe anapokuja. Nikasema moyoni, ndiye huyu.

Akanisalimia kwa kunipa kifundo cha mkono, vile mafundi hufanya wakiwa na oili mikononi. Lakini viganja vyake vilikuwa safi. Na hicho kifundo kilikuwa baridi, baridi ya chuma asubuhi. Nikafikiri ni malaria.

Akaniambia niwashe injini. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye sikio, akafumba macho. "Pistoni ya tatu," akasema. "Aliyeifunga siye aliyeifungua."

Ilikuwa kweli. Miaka mingi nyuma fundi mmoja aliifungua akaenda matanga, mwingine akaifunga. Hata Otieno hakujua. Wewe ungemkataa fundi kama huyo? Nikamwambia afungue.

Kwetu mwenye gari ndiye humlisha fundi. Nikaenda kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara, nikaagiza vikombe viwili.

"Mzee, na cha pili cha nani?" akauliza. "Ama unakunywa na lori?"

"Ni cha fundi wa hapo."

Akaacha kucheka. "Baba, hapo hakuna fundi. Okelo tulimzika."

Nikageuka. Kibanda kilikuwa na mnyororo mlangoni, umeshika kutu. Hakuna mtu. Lakini injini yangu ilikuwa wazi mpaka tumboni, na vyuma vyake viko juu ya gunia, kila kimoja mahali pake.

Otieno akarudi na yule fundi wa sokoni. Huku kwetu fundi hafungi injini iliyofunguliwa na mwenzake bila ruhusa yake. Ikiharibika, nani atajibu? Akauliza nani amefungua. Mama wa chai akamwambia. Fundi akapangusa mikono, na hakuwa ameshika kitu.

"Mzee, hii siwezi," akasema. "Mngoje mwenyewe."

Ndipo nikaambiwa. Okelo alikufa ameacha injini ya lori ya mtu wazi. Mwenye lori hakungoja hata mazishi, akaivuta kwa fundi mwingine. Haikumaliza mwezi. Ilizimika mlimani, lori ikarudi nyuma na watu wake wote.

Basi mimi naogopa kuivuta. Msimu ule ulipita, na huu umepita. Tumbaku inabebwa na wengine, na sisi tunakula kwa watoto niliowasomesha. Kila nikienda Kosele nakuta kitu kimerudi ndani. Pistoni moja. Ringi zake. Mama wa chai anasema husikia spana mchana, saa saba hivi, halafu kimya.

Otieno anasema ikifungwa ataiwasha yeye. "Baba, huyo alisikia kosa ambalo wewe mwenyewe ulisahau. Hakuna fundi kama yeye." Labda ni kweli. Lakini anayejua kazi, je, anakutakia mema? Ufunguo nimeuficha, hata mama yake Otieno hajui ni wapi.

Wewe mwenye gari, usichague fundi kwa mkono tu. Muulize kwao ni wapi, baba yake ni nani, kisha ngoja jirani aseme, ndiyo, tunamjua, jana alikula hapa. Mimi niliuliza habari za injini, sikuuliza habari za mtu.

Jumanne nilienda tena. Zimebaki bolti nne.