Amana ya Viatu vya Barafu

Nilikuwa mlinzi wa uwanja wa barafu ndani ya duka kubwa hapa Doha. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, ingawa nilivaa koti zito huku nje watu wakiungua na jua.

Bingwa alikuja asubuhi, kabla ya wateja. Alikuwa mwanamke wa nchi za baridi, mshindi wa mbio fupi za barafuni, zile ambazo watu hufukuzana wakizunguka kushoto mpaka mtazamaji apate kizunguzungu. Goti lilimweka nje miaka miwili. Sasa alibakiwa na mchujo mmoja, na akishindwa, timu ya kwao ingemwacha. Alinieleza hayo siku aliyonikabidhi viatu vyake. "Baba, hivi nakuachia wewe tu."

Kwetu hiyo ni amana, na amana hainyimi mtu usingizi bure. Nikaanza kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni, hata yeye mwenyewe. Glavu yake ya kushoto ilikuwa na matone ya gundi ngumu kwenye ncha za vidole, nikadhani ni uganga. Nilipomuuliza alicheka: kwenye kona mkono hugusa barafu, na gundi huufanya uteleze. Laiti ningeendelea kuuliza.

Niliyemshuku hasa ni fundi wa kunoa vyuma vya viatu, Mkenya mwenzangu kutoka Nakuru. Akifanya kazi ya bingwa, alifunga mlango wa karakana. Nikichungulia, alikuwa akivifunika viatu kwa taulo. Siku moja nikamsikia akisema kwenye simu kwamba bingwa angeenda tu nyumbani akapumzike. Nikasema moyoni, adui ndiye huyu.

Jumatano aliponirudishia viatu, niliviinua kwenye mwanga. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi baiskeli Mombasa, na jicho langu halipitwi na chuma kilichopinda. Vyuma vyote viwili vilikuwa vimepinda kidogo kuelekea kushoto.

Sikumwambia mtu. Fundi alipokwenda kula, niliingia karakana, nikabana chuma kimoja kwenye jiliwa, kisha cha pili, nikanyoosha taratibu huku nikipiga bismillahi. Vikanyooka kama rula. Nikashukuru.

Kesho yake bingwa alianza vizuri. Kwenye kona ya kwanza hakupinda. Alikwenda moja kwa moja akajibwaga kwenye magodoro ya ukutani, kisha akakaa, mikono yote miwili imeshika goti.

"Nani amegusa vyuma vyangu?" aliuliza, akimkazia macho fundi.

Fundi akachukua kiatu, akakisogeza jichoni. "Walai, si mimi! Nilivipinda juzi vile unataka, vishike kona. Sasa ona, vimenyooka kama shingo ya twiga!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikinyamaza, fundi ndiye angefukuzwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani anakuhujumu."

"Mimi?" Fundi alinigeukia. "Mzee, si jana tumekunywa chai na wewe?"

"Ulisema aende nyumbani."

"Nilisema! Goti linamuuma mpaka analia huko ndani. Sina huruma, mimi? Na mlango nafunga kwa sababu yako, unachungulia kama mama mkwe!"

Bingwa aliinuka, akalikunja goti mara tatu. "Vipinde tena," akamwambia fundi.

Alikwenda kwenye mchujo akapita, wa mwisho kati ya waliopita. Alhamdulillahi. Aliporudi kufanya mazoezi alinisalimia kwa adabu, lakini viatu alivibeba begani, hata chooni. Sikumlaumu.

Fundi alinisamehe kwa namna yake. Kila alipomaliza kazi ya bingwa, alivileta kwanza mbele ya uso wangu.

"Mzee, kagua. Vimepinda?"

"Vimepinda."

"Una hakika? Nisije nikasingiziwa."

Nami niliviinua kwenye mwanga, nikaangalia tena.