Swali la Zamu ya Jumanne

Tangu chuo kifunge kaunta ya msaada, mkutubi huyu alihamishia kazi kwenye meza ya chumbani kwake. Watu walimwandikia kwenye kompyuta, kila mmoja akiitwa "Msomaji" basi, hana sura wala sauti. Wiki ya kwanza alinung'unika, kisha akazoea.

Sheria ya kazi yake ilikuwa moja: usimwulize msomaji habari anaitakia nini. Aliishika kwa miaka ishirini na sita. Tena alikuwa na kajivuno kake: hakumrushia mtu rundo la makala na kumwacha ahangaike nalo. Aliyasoma mwenyewe, akamwandikia kiini.

Jumanne hiyo alishika zamu ya mwenzake aliyeumwa jino. Mumewe alikuwa amerudi mapema kutoka hospitali, akasema leo foleni ilikuwa fupi, akajilaza sebuleni. Figo zake zilikuwa hazifanyi kazi tena. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda kusafishwa damu kwa mashine, peke yake, kwa sababu hakutaka kusindikizwa kama mtoto wa chekechea.

Saa tano kasoro robo kompyuta ikalia.

"Naomba tafiti kuhusu wagonjwa wa figo walioacha mashine kwa hiari. Huwa wanaishi muda gani?"

Mwanafunzi wa udaktari huyo, alijisemea. Swali lilimgusa penye kidonda, lakini kazi ni kazi. Baada ya dakika ishirini alikuwa na makala matatu.

"Wengi ni siku saba hadi kumi," aliandika. "Wachache huvuka wiki mbili. Makala yenyewe yamefungwa kwa wasio wanachuo. Nipe namba yako ya usajili nikutumie."

Namba ikaja. Hakuwa na haja ya kuitafuta kwenye orodha. Alikuwa ameiandika kwa mkono wake kwenye fomu zote za binti yake.

Kumbe amemhesabia mwanawe siku za baba yake, kavukavu, kama anayemsomea ratiba ya mabasi.

"Mwanangu, ni mama," aliandika.

Jibu likaja: "Mama? Si leo zamu ya yule mwenzako? Nilichagua leo makusudi. Baba aliniapisha nisikwambie. Amechoka, mama. Anasema mashine inammaliza kuliko ugonjwa."

Alikuwa na hasira nao wote wawili, na zaidi na nafsi yake, iliyoamini habari za foleni fupi. Akaenda sebuleni. Mumewe alikuwa macho, miguu juu ya mto, imevimba hadi vifundoni. Mkutubi aliufungua mkoba wa hospitali. Shuka la kujifunika kwenye mashine lilikuwa limekunjwa vilevile alivyolikunja yeye Alhamisi.

"Leo ni siku ya ngapi?" akauliza.

Mumewe hakujifanya haelewi. "Ya saba, mke wangu. Njoo ukae."

Akakaa, akaipakata ile miguu.